Kinga ya Uganda dhidi ya ugaidi haianzii Mogadishu

Tangu kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia kibadilishwe jina kwa mara nyingine na kuwa AUSSOM, tarehe 1 Januari 2025, mazungumzo ya Kampala kuhusu ugaidi yamekuwa mazungumzo ya fedha. Marekani haikukubali kikosi hicho kigharimiwe kwa utaratibu wa azimio namba 2719 la Baraza la Usalama, ambao ungeruhusu hadi asilimia 75 ya bajeti yake itoke katika michango ya lazima ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa. Umoja wa Ulaya, uliokwisha kupunguza posho za askari kwa asilimia 20 mwaka 2016, hauna hamu ya kuziba pengo lote peke yake. Uganda, ambayo katika mgao wa kikosi hicho ilipewa askari wapatao 4,500, wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote mchangiaji, imebaki ikiuliza nani atalipa. Hapo ndipo zilipozuka kambi mbili: moja inataka tubaki kwa kuwa tukiondoka magaidi watatufuata nyumbani, na nyingine inataka turudi kwa kuwa hao magaidi tuliwachokoza wenyewe. Kwa maoni yangu kambi zote mbili zimeanza na hesabu isiyo sahihi, kwani zote zinapima mchango wa nchi yetu kwa idadi ya vikosi ilivyopeleka nje ya mipaka yake. Jeshi linaweza kumsukuma gaidi akakaa mbali, na hilo si jambo dogo. Lakini anayezuia bomu lisilipuke kanisani, kwenye basi au bwenini ni raia wa kawaida aliyeona jambo lisilo la kawaida, akaamini kwamba akilisema atasikilizwa na hatadhurika. Imani hiyo hujengwa au hubomolewa katika kituo cha polisi, mahakamani na kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na huko ndiko ambako nchi maskini inaweza kufanya kazi ambayo hakuna mfadhili atakayeifanya kwa niaba yake.

Historia yenyewe inajulikana, ingawa mara nyingi husimuliwa nusu. Uganda ilikuwa nchi ya kwanza kupeleka askari Mogadishu chini ya AMISOM, jina la kwanza la kikosi hicho cha Umoja wa Afrika, mwezi Machi 2007, wakati ambapo nchi nyingine za Afrika zilikuwa zikiahidi bila kutekeleza. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka katika uwanja wa klabu ya raga ya Kyadondo na katika mgahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala, yakaua zaidi ya watu 70. Al-Shabaab walijitangaza kuwa ndio waliohusika na wakasema ni kisasi kwa askari wetu kuwapo Somalia. Nusu ya pili ya historia ni ADF, kundi lililoanza kupigana katika milima ya Rwenzori miaka ya 1990, likiwa na uongozi na chimbuko la hapa hapa Uganda. Wapiganaji wake walichoma moto chuo cha ufundi cha Kichwamba mwezi Juni 1998, wakaua wanafunzi wapatao 80, miaka tisa kabla ya askari wetu wa kwanza kutia mguu Mogadishu. Kiongozi wao, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Mrithi wake, Musa Baluku, akaliunganisha kundi na Dola la Kiislamu, na kundi hilohilo ndilo lililohusishwa na milipuko ya Kampala ya Oktoba na Novemba 2021.

Ukiziweka nusu hizo mbili pamoja, hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu inaanguka yenyewe. Hoja hiyo inasema kwamba tukiwatoa askari Somalia ugaidi utatuacha. Inavutia kwa sababu inaonekana kuwa na ushahidi wa 2010, na kwa sababu inampa mwananchi jibu rahisi ambalo halimdai chochote. Lakini mkono uliochoma mabweni ya Kichwamba na, miaka 25 baadaye, Shule ya Sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, haukuwa mkono wa al-Shabaab wala haukuwa ukilipiza kisasi cha Mogadishu. Hata shambulio la 2010 lenyewe liliongozwa na Isa Luyima, raia wa Uganda aliyekwenda kupigana upande wa al-Shabaab, na miongoni mwa waliotiwa hatiani pamoja naye walikuwamo vijana wa Uganda na Kenya waliosajiliwa katika mitaa ya kwao. Askari wa mwisho akirudi kesho kutoka Somalia, anayewasajili vijana hao hatafunga duka.

Hoja ya kambi ya kubaki ni nzito zaidi na inastahili kupimwa kwa haki. Kufikia mwaka 2010 serikali ya Somalia ilikuwa imebanwa katika vitongoji vichache vya mji mkuu. Mwezi Agosti 2011 al-Shabaab waliondoka Mogadishu, na damu ya askari wa Uganda na Burundi ilichangia sana kufika hapo. Kundi linalodhibiti bandari, uwanja wa ndege na kodi za mji mkuu ni hatari kwa majirani kuliko kundi linalojificha vijijini. Aidha, tangu 2010 Kampala haijapata tena shambulio la al-Shabaab la ukubwa ule. Mwenye kusema kwamba hayo yote hayana uhusiano na uwepo wetu kule ana kazi ya kuthibitisha. Hata hivyo hoja hiyo nayo ina mipaka ambayo watetezi wake huipita harakaharaka. Kambi ya Buulo Mareer ilipovamiwa tarehe 26 Mei 2023, askari wetu 54 waliuawa, na hiyo ilikuwa miaka 16 tangu operesheni ianze, jambo linaloonesha kwamba adui aliyefukuzwa mjini hajaishiwa nguvu. Zaidi ya hapo, operesheni inayotegemea fedha za wengine husimama na kuanguka kwa uamuzi wa wengine: London, Brussels au Washington wakibadilisha vipaumbele, ulinzi wetu tuliouita wa taifa unajikuta hauna bajeti.

Operesheni Shujaa ya jeshi letu dhidi ya ADF ndani ya Kongo, iliyoanza tarehe 30 Novemba 2021 kwa makubaliano na nchi hiyo, ina hesabu kama hiyo. Imewasukuma ADF mbali na mpaka wetu kwa kiasi kinachoonekana, na wakazi wa Bundibugyo na Kasese wana haki ya kuishukuru. Lakini kundi lililosukumwa halikuyeyuka. Liligawanyika katika vikundi vidogo na kuingia ndani zaidi kuelekea Mambasa na Lubero, ambako Wakongo wanaendelea kuuawa. Mwezi Julai 2025 waumini waliokuwa katika mkesha kanisani Komanda, mkoani Ituri, walivamiwa na zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Kuita hali hiyo kuwa ugaidi umezuiwa ni kutumia ramani iliyoishia mpakani, kwenye Mto Lhubiriha. Na hata upande wetu wa mto, operesheni ikiwa imefika mwaka wake wa pili, usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wapiganaji walivuka, wakafika kwenye shule hiyo ya Lhubiriha, iliyo chini ya kilomita mbili kutoka mpakani, wakachoma bweni la wavulana, wakawakata wasichana kwa mapanga na kuwateka wengine wawabebee chakula walichopora. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Jeshi lenyewe lilieleza baadaye kwamba kulikuwa na taarifa za kuwepo kwa waasi karibu na mpaka siku mbili kabla ya shambulio.

Siku mbili ni muda mrefu sana katika kazi ya kuzuia. Mpondwe si pori lisilo na watu. Siku ya soko, mafuta ya mawese na mbao huingia kutoka Kongo, chumvi ya Katwe na vitenge huvuka kwenda kule, na wanawake walio na ndugu pande zote mbili za mto hupatana bei kwa Kiswahili au kwa lugha moja ya mlimani ambayo upande huu huitwa Lukonzo na upande ule Kinande. Katika mazingira kama hayo mgeni asiyekuwa na mzigo wala mwenyeji huonekana kabla ya saa sita mchana: muuza chai atakuwa amemwona, na dereva wa boda boda atakuwa amejiuliza kwa nini mtu huyo anauliza njia ya shule. Swali la usalama wa taifa, kwa hiyo, si kama taarifa zipo. Ni kama aliye nazo ana mahali pa kuzipeleka bila kugeuzwa mshukiwa, na kama aliyezipokea ana uwezo na wajibu wa kuzifanyia kazi usiku huohuo.

Tunao ushahidi wa pande zote mbili. Mwezi Oktoba 2023 mabomu yaliyokusudiwa makanisa ya Kibibi, wilayani Butambala, hayakuua mtu, na Rais Museveni mwenyewe alipotangaza tukio hilo alisema mabomu yaliripotiwa polisi yakateguliwa. Neno la kuzingatia hapo ni kwamba yaliripotiwa. Mwaka 2010, siku moja baada ya milipuko, fulana ya mabomu ambayo haikulipuka ilipatikana ndani ya mkoba katika klabu ya usiku huko Makindye, na simu iliyoachwa pamoja nayo ikawa uzi ulioufungua mtandao mzima. Wapelelezi wa FBI walisaidia sana katika kuufuata uzi huo, na hatuna sababu ya kulificha hilo. Lakini uzi ulipatikana Makindye.

Sasa linganisha tunavyothamini viungo vya mnyororo huu. Kabla ya mkato wa 2016, Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilipia dola 1,028 kwa mwezi kwa kila askari aliyekuwa Somalia, ingawa si zote zilimfikia mfukoni. Mwenyekiti wa LC1, anayejua nyumba ipi imepangishwa na nani, anayegonga muhuri kwenye barua ya utambulisho ya kila mgeni na kuamshwa usiku kila kunapotokea kelele, hupata shilingi 120,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hakifiki dola 40. Sisemi askari apunguziwe. Aliyeko Somalia anahatarisha maisha. Ninachosema ni kwamba nchi iliyowahi kukaa miaka 17 bila kuchagua viongozi hao wa vijiji, hadi uchaguzi wa 2018, haiwezi kudai kuwa imeweka uzuiaji wa ugaidi mbele. Wapo watakaonikumbusha, na wana haki, kwamba macho ya kijiji yanaweza kugeuka macho ya chama. Wazee wa Kampala wanakumbuka mayumba kumi, ule mfumo wa nyumba kumi kumi wa utawala wa pili wa Rais Obote, na jinsi jirani alivyoweza kumpeleka jirani yake kusikorudika. Hofu hiyo ndiyo inayonileta kwenye kiini cha hoja yangu, kwani taarifa za jirani hazitofautiani na fitina ikiwa hakuna mahakama ya kuzichambua.

Dola inapopewa taarifa, huwa inazifanyia nini? Baada ya milipuko ya Novemba 2021 watu wengi walikamatwa, sheikh mmoja aliuawa na maofisa waliokwenda kumkamata, na maelezo yaliyotolewa hayakuwaridhisha Waislamu wengi, hata wale wasiokuwa na chembe ya huruma kwa ADF. Mwaka huohuo ulianza na magari yasiyo na namba, yale ambayo watu waliyaita drone, yakichukua vijana barabarani wakati wa uchaguzi, na familia zikizunguka vituo vya polisi bila jibu. Walioishi miaka ya 1980 waliikumbuka panda gari, misako ya zama hizo ya kuwakusanya watu kwenye magari. Mwishoni mwa 2020 akaunti za jukwaa la kitaifa la asasi za kiraia na za mtandao wa wanawake zilifungiwa kwa tuhuma za kufadhili ugaidi, kisha zikafunguliwa miezi michache baadaye. Wakati huo Uganda ilikuwa katika orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalosimamia udhibiti wa fedha haramu, ambako ilikaa kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, na ilitakiwa kweli kukaza udhibiti. Lakini kukaza kwenye akaunti za waangalizi wa uchaguzi, wakati fedha za kundi la msituni hupita kwa simu na kwa mikono ya wafanyabiashara wadogo, kulimfundisha mwananchi kwamba ugaidi ni jina ambalo serikali humpa yeyote inayemchukia. Akishajifunza hivyo, siku akisikia kwamba jirani yake ni gaidi, atadhani jirani huyo ni mpinzani tu, na atanyamaza.

Wapo wanaoona malalamiko haya kuwa anasa. Hoja yao, ambayo husikika sana kwa wanaojiita wataalamu wa usalama, ni kwamba gaidi haheshimu haki, hivyo anayemfuata asifungwe mikono na haki. Shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha mwaka 2017 utafiti uliowahoji watu 718 barani Afrika, wengi wao wakiwa waliojiunga na makundi hayo kwa hiari. Asilimia 71 ya waliojiunga walitaja hatua ya dola, kama vile kuuawa kwa ndugu au kukamatwa kwa rafiki, kuwa ndiyo iliyowasukuma kuvuka mstari. Mtu anaweza kusema, na ni haki yake, kwamba aliyejiunga na wauaji ana sababu ya kujitafutia udhuru. Hata tukipunguza idadi hiyo kwa nusu, bado tungekuwa na theluthi ya wapiganaji ambao usajili wao ulikamilishwa na dola yenyewe. Jirani zetu Wakenya walifanya msako mkubwa Eastleigh mwezi Aprili 2014, wakajaza maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, katika uwanja wa Kasarani. Aprili iliyofuata wanafunzi na wengine, jumla 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Sidai kwamba msako ule ulizaa shambulio lile. Nadai kwamba haukulizuia, na uliwakera watu haswa ambao wangeweza kulisikia mapema.

Jibu la Uganda kwa hoja hiyo lilikwisha kutolewa, na la ajabu ni kwamba tunalitaja mara chache kuliko tunavyotaja vifaru vyetu. Kesi ya mabomu ya 2010 ilisikilizwa na Mahakama Kuu mbele ya Jaji Alfonse Owiny-Dollo. Mwendesha mashtaka wake, Joan Kagezi, alipigwa risasi akafa tarehe 30 Machi 2015 huko Kiwatule, wiki mbili hivi baada ya kesi kuanza kusikilizwa, na bado kesi iliendelea. Mwezi Mei 2016 saba kati ya washtakiwa 13 walipatikana na hatia ya ugaidi. Watano wakafungwa maisha, wawili miaka 50. Mmoja alikutwa na kosa dogo la kusaidia, akapewa kazi za kijamii. Watano waliachiwa kwa kukosekana ushahidi. Jaji alikataa kutoa hukumu ya kifo, ingawa waliokufa walikuwa zaidi ya 70 na umma ulikuwa na hasira. Hukumu ile ilimwambia kila Mwislamu wa Uganda kwamba mahakama inaweza kutofautisha aliyebeba bomu na aliyejuana tu na aliyelibeba, na ujumbe huo hauwezi kununuliwa kwa posho za AUSSOM. Kisha wale watano walioachiwa wakakamatwa tena kabla hawajafika nyumbani, na nusu ya ujumbe ikafutika papo hapo.

Kesi ile ina upande wa pili ambao sitaki kuukwepa. Kifo cha Kagezi kinaonesha kwamba mahakama ya wazi ina bei, na inalipwa kwa maisha ya watu halisi. Hadi mwaka 2025 ndipo mmoja wa waliohusika alipohukumiwa, baada ya kukiri, wakati sheria ya kulinda mashahidi imekuwa ikizungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Hii ndiyo sababu bora zaidi wanayoweza kuitoa wanaotaka kesi za ugaidi ziende mahakama za kijeshi: huko kuna ulinzi na siri. Lakini dawa ya shahidi asiyelindwa ni kumlinda, na kumhamishia jeshini mshtakiwa wake hakumlindi shahidi aliyerudi kulala kijijini. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu, ikiongozwa na Owiny-Dollo huyohuyo akiwa Jaji Mkuu, iliamua kwamba mahakama za kijeshi hazina mamlaka ya kuwahukumu raia. Kufikia mwezi Juni Bunge lilikwisha kupitisha sheria mpya iliyofungua tena mlango huo kwa mazingira yaliyoitwa maalumu, yakiwamo yale yanayohusu silaha za kijeshi, na kwa kuwa kesi nyingi za ugaidi hazikosi silaha, mlango huo si mwembamba.

Kwa serikali itakayokwenda kwenye kikao kijacho cha fedha za Somalia, haya yote yana maana ya vitendo. Nchi yenye askari wengi kuliko wote katika kikosi ina nguvu ya kudai, na hadi sasa imekuwa ikidai posho, ndege na mafuta. Ingeweza kudai pia maabara za uchunguzi wa kisayansi, mafunzo ya waendesha mashtaka na fedha za mfuko wa mashahidi, vitu ambavyo wafadhili hao hao huvisifu katika hotuba zao na ambavyo hubaki Kampala hata siku kikosi kitakapovunjwa. Hapa nyumbani, Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, ambayo zaidi ya watu 26,000 wamenufaika nayo kutoka makundi mbalimbali ya waasi, inaweza kuendelea kuwa mlango wa kijana wa Kasese anayetaka kutoroka kambi ya ADF, mradi aone kwamba aliyetangulia kurudi hakuishia kwenye gari lisilo na namba. Na kuhusu mahakama za kijeshi, sheria ya 2025 imekwisha kupingwa katika Mahakama ya Katiba. Kabla uamuzi haujatoka, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma hazuiwi na kifungu chochote kuyapeleka majalada ya ugaidi Mahakama Kuu, kama yalivyopelekwa ya 2010.